Abti Hasikiki Vizuri

Mwonyeshe mwanamume yeyote wa Garissa waya uliovutwa juu ya paa, naye atainua kichwa. Atauangalia kwa muda, mkono mmoja kiunoni, mswaki mdomoni, kisha atatoa hukumu. Hajawahi kuwasha redio ya mawimbi mafupi tangu azaliwe, hajui waya unaanzia wapi wala unaishia wapi, lakini hukumu anayo. Nimezisikia zote. Uko juu mno. Uko chini mno. Unavuta radi. Umeuelekeza Somalia. Mmoja alinieleza kwa upole kabisa kwamba kasoro ni mwenye redio kuwa mwanamke, halafu akaomba maji ya kunywa.

Mimi ni mwalimu wa fizikia katika shule ya wasichana mjini hapa, na leseni ya redio ya ridhaa ninayo. Redio ya ridhaa ni ile ya watu binafsi wanaoongea hewani kwa mapenzi tu, bila muziki na bila matangazo ya sabuni. Wengi huku wanaiona ni kichaa. Mimi naona kichaa ni kukaa barazani kuanzia saa nane mchana ukitafuna miraa na kupanga serikali.

Nyumbani tupo wawili, mimi na mama yangu. Hooyo ana sukari, ana ulimi mkali, na ana ndugu mmoja tu aliyebaki duniani, kaka yake, ambaye mimi namwita abti, yaani mjomba. Yeye pia huniita abti, maana kwetu jina hilo huenda na kurudi. Zamani, kabla ya simu za mkononi, abti alikuwa na kibanda cha taar Mandera. Taar ilikuwa redio ya kuitia watu. Familia zilikaa kwenye mkeka zikingoja zamu ya kuongea na jamaa zao Wajir, Garissa au ng'ambo ya mpaka, na mtaa mzima ukasikia nani kaoa na nani kafilisika. Simu zilipokuja kibanda kilikufa. Abti alibaki na redio yake, akatafuta leseni, akahamia na mbuzi wake kijiji kimoja kando ya mto Daua.

Kijiji hicho kina mnara wa simu uliokufa. Kampuni yenyewe inasema itaurekebisha, na huyasema hayo kwa adabu sana kila unapouliza. Kwa hiyo kila jioni, baada ya swala ya alasiri, mimi nilikuwa nawasha redio sebuleni, hooyo anakaa kwenye mto wake wa kukalia, nami nakaa kando yake nikiwa nimeshika kitufe, kwa kuwa mwenye leseni ni mimi. Wanaongea kuhusu mbuzi, meno, na ngamia fulani aliyekufa kabla sijazaliwa ambaye bado hawajakubaliana alikuwa wa nani. Hooyo akishamsikia kaka yake, usiku anakula. Asipomsikia, anakipapasa chakula kwa vidole viwili na kuisukuma sahani. Kwa mtu mwenye sukari, hilo si jambo la kuchezea.

Kisha abti akaanza kupotea.

Haikuwa ghafla. Kwanza ulikuja mvumo chini ya sauti yake, kama mafuta yanayochemka jikoni. Siku zilizofuata mvumo ukapanda na sauti ikashuka, mpaka abti akawa mtu anayeongea ndani ya karai la sambusa. Tulikuwa tunadaka vipande: "... mwa... abti... wiki..." Sisi alitusikia, lakini kwa shida. Hooyo alikuwa akisogeza sikio mpaka linagusa spika. "Anasema nini?" ananiuliza. Sijui, hooyo. "Wewe si mwalimu?"

Nilianza kama mtu aliyesoma. Nilizima umeme wa nyumba nzima nikaendesha redio kwa betri ya gari. Mvumo ulipungua kidogo, ukabaki. Nilichukua redio ndogo ya mkononi nikazunguka nayo nyumba nzima kama mpiga ramli, nikaisikia ikinguruma karibu na inveta ya sola ya jirani, karibu na dikoda, karibu na taa moja ya bei rahisi jikoni. Taa niliitupa. Dikoda niliichomoa. Jirani nilimwomba azime inveta yake kwa nusu saa, akazima, nikasikiliza, abti akabaki kwenye karai. Lakini jirani sasa alikuwa amepata mlango wa kuingilia mambo yangu, na hakutoka tena.

Jirani huyu ni mfanyabiashara wa ng'ombe aliyestaafu. Hana kazi isipokuwa kujua. Alikuwa anakuja na kiti chake mwenyewe, anakiweka chini ya mwarobaini ambao waya wangu umefungwa juu yake, anaangalia juu. Alinishauri niuhamishe mti. Sikukosea kusikia. Sio waya, mti.

Nikapeleka shida yangu kwenye kundi letu la simu, la wenye redio wa nchi nzima. Hilo ni kosa ambalo simwombei adui. Kila mtu alikuwa na jibu kabla sijamaliza swali. Wa Mombasa alisema ni chumvi ya bahari. Nikamkumbusha niko Garissa. Akasema basi ni vumbi. Wa Nakuru alituma picha ya antena yake mwenyewe, akaikusudia iwe jibu. Wengine wawili wakaanza kugombana kuhusu jambo la zamani na mimi nikasahaulika. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza waya unashukia wapi.

Ndipo akaja bingwa. Bingwa ni mwanachama wa kundi hilo hilo, wa Nairobi, ambaye alikuwa anakwenda kambini Hagadera kwa kazi ya mitambo ya mawasiliano. Akaandika mbele ya wote kwamba atapita kwangu "kuimaliza hiyo kitu". Alifika na miwani ya jua, mkoba wa vipimo, na fulana iliyoandikwa mambo ya redio mgongoni ili wanaomfuata nyuma nao wajue. Hooyo alimkaribisha chai ya maziwa ya ngamia. Akanusa, akaiweka chini, akasema anafunga.

"Saa hii?" hooyo akaniuliza kwa Kisomali. "Mwezi gani huu?"

Alipima kila kitu kilicho juu. Alipanda paa, akabadilisha kebo, akaufupisha waya wangu kwa mkasi bila kuniuliza, akainua nguzo. Jirani alikuwa kwenye kiti chake akimsimamia.

"Wewe bwana," jirani akamwambia kwa Kiswahili chake, ambamo p hugeuka b kila inapotaka, "hiyo waya ikienda juu zaidi itabata ndege. Hapa ndege mingi inabita kwenda Somalia."

"Mzee, hiyo haina shida," bingwa akajibu. "Hii ni mambo ya jua. Jua lina madoa. Saa hii huwezi do kitu."

"Jua?" jirani akasema. "Jua ya Garissa unaiambia sisi?"

Nilikiri kimoyomoyo kwamba kwa mara ya kwanza na ya mwisho nilikuwa upande wa jirani. Bingwa akakung'uta mikono, akasema kelele nilizonazo ni za kawaida kwa "mji mdogo kama huu", akanishauri ninunue kichujio kutoka Ulaya, akaingia kwenye gari lenye kiyoyozi akaenda zake Hagadera. Jioni hiyo abti alisikika vibaya kuliko siku zote.

Hooyo aliisukuma sahani. Alikuwa amebadilika kidogo siku hizo, nami niliona kila badiliko na kulitafutia maelezo yake, kwa sababu hiyo ndiyo kazi niliyosomea. Alianza kuvaa soksi nene mchana kutwa, katika joto la hapa ambapo hata mbuzi hulala wakitoa ulimi. Nikasema uzee unamwongezea dini. Niliona kopo la mchanga safi chini ya kitanda chake. Nikasema ni la kutilia makaa ya dabqaad, chetezo chake cha uvumba. Nikimwambia, hooyo, alasiri imeingia, nikuletee maji? Anajibu, "Nimeshatia udhu zamani, wewe shughulikia redio yako." Alikuwa anaiita redio yangu kila ilipoharibika. Ilipokuwa nzima ilikuwa ya kaka yake.

Siku mbili hivi baada ya bingwa kuondoka, mvua ikanyesha. Mvua yetu ni ya aibu: inakuja kwa kishindo, inavunja matawi mawili, inaondoka kabla watu hawajaanua nguo. Lakini jioni hiyo abti aliingia sebuleni wazi kabisa. Hooyo alishika shavu lake kwa mikono miwili. Aliongea naye mpaka betri yake kule ikakaribia kufa, na usiku akala wali wote pamoja na ukoko.

Kosa langu ni kwamba nililitaja jambo hilo kwenye kundi. Bingwa akaandika kutoka Hagadera: "Garissa imetatuliwa. Karibuni." Watu wakampigia makofi ya vidole. Wa Nakuru akatuma picha ya antena yake tena.

Kabla wiki haijaisha, mvumo ukarudi. Siku ya kwanza kidogo, siku ya pili zaidi. Jirani alisema bingwa ametufanyia uchawi wa muda mfupi, ule wa bei nafuu. Na mimi, mwenye shahada ya fizikia, nilisimama uani nikiutazama waya, kichwa juu, mkono kiunoni, mfano wa wanaume wa Garissa. Nilichukia sana nilipojiona. Nikateremsha macho.

Waya ulioko juu ni nusu ya antena. Hilo nalifundisha. Antena kama yangu inahitaji nusu nyingine, nayo ni ardhi. Nyuma ya nyumba, chini ya dirisha la chumba cha hooyo, kuna fimbo ya shaba niliyoipigilia mwenyewe na kuifunga waya unaotoka kwenye redio. Ardhi ikiwa na unyevu, redio inajishika vizuri na ardhi hiyo. Ardhi ikikauka kabisa, redio inatafuta pa kujishika kwingine, inajishika na nyaya za nyumba, na kila uchafu wa taa na inveta za mtaa unaingia kupitia huko. Mvua ilikuwa imenijibu. Mimi nilikuwa nashughulika kumchukia bingwa.

Nikazunguka nyuma. Sikuwa nimefika huko kwa muda mrefu, kwa maana mimi huoga ndani na kutia udhu ndani, kwenye sinki. Udongo kuzunguka fimbo ulikuwa mkavu kama unga, umepasuka, fimbo yenyewe inacheza kwenye tundu lake kama jino bovu. Nilikumbuka siku niliyoipigilia. Nilijaribu kila pembe ya kiwanja na nyundo ikawa inaruka kama inagonga mwamba, mpaka nikafika hapa, ambapo iliingia kama kisu kwenye halwa. Nilifurahi, nikaipigilia, nikaondoka. Hapakuwa na fikra hata moja kichwani mwangu kuhusu kwa nini mahali pamoja katika Garissa yote pawe laini. Palikuwa na majani pia wakati huo, majani mabichi mafupi, na mbuzi wa jirani alikuwa akiingiza shingo kwenye ua kuyachuma. Sasa hapakuwa na jani.

Nilikwenda kuchota ndoo ya maji kwenye pipa la pembeni. Karibu na pipa kuna jiwe bapa, na juu ya jiwe lilikuwa birika la plastiki la kijani. Nililiinua lisinizuie. Buibui alikuwa amejenga mdomoni mwake, utando mzima, wa mtu aliyehamia na familia.

Nikalirudisha. Nikamwaga ndoo ya kwanza kwenye fimbo, na udongo ukainywa bila kushukuru. Nikamwaga ya pili. Wakati natia ya tatu ndipo mikono yangu ilipopata akili kabla ya kichwa. Lile birika ni la hooyo. Lile jiwe ni la hooyo. Tangu tuhamie hapa, mara tano kwa siku, hooyo amekaa juu ya jiwe hilo akatia udhu, kwa kuwa sinki langu analiona ni chombo cha kuoshea vikombe, na akimaliza kuosha miguu yake husogea akamwaga yaliyobaki palepale, chini ya dirisha, ili vumbi lisiingie chumbani. Udongo laini ulikuwa wake. Majani yalikuwa yake. Redio nzima ilikuwa inasimama juu ya udhu wake.

Na buibui hajengi mdomoni mwa birika linalotumika mara tano kwa siku.

Nilisimama pale na ndoo tupu. Hooyo hawezi kuacha kuswali, hata umtishie kwa bunduki. Kama hatumii maji, anatumia mchanga. Anatayamamu. Na asiyesafiri, mwenye pipa lililojaa maji mlangoni kwake, hutayamamu kwa sababu moja tu, kwamba maji yatamdhuru. Kopo la mchanga. Soksi. Dada mkubwa wa hooyo na abti naye alikuwa na sukari. Alianza kwa kidonda kidogo kisiginoni, akapelekwa Nairobi, akarudi na mguu mmoja, na hakumaliza msimu. Hooyo ndiye aliyemwosha maiti. Niliogopa, na kwa namna yangu nikageuza woga kuwa hasira: kwa fimbo, kwa bingwa, kwa wa Nakuru na picha zake.

Kutoka sebuleni nikasikia sauti. Redio nilikuwa nimeiacha wazi. Karai la sambusa lilikuwa limeondolewa motoni. Abti alikuwa anaita, kila neno limekamilika, na nyuma yake nikawasikia mbuzi.

Nilikimbia ndani nikamjibu. "Abti, nakupata tano na tisa," nikasema, ndivyo tunavyosema sauti ikiwa haina kasoro. "Nakuachia," nikamalizia, yaani zamu ya kuongea ni yake.

Hooyo alitoka chumbani kwake akishika ukuta. Alikuwa ameshika ukuta huo wiki ngapi, mbele ya macho yangu? Akakaa kwenye mto, mguu wa kushoto ameuvutia chini ya shuka yake.

"Hooyo," nikamwuliza kabla sijabonyeza kitufe, "siku hizi unatia udhu wapi?"

"Kwani wewe ni kadhi? Nipe kaka yangu."

Nikampa kaka yake. Abti akataka kujua kwanza tulifanya nini. Nikamweleza kwamba chuma cha ardhini kilikauka na nimekimwagia maji. Akaanza kucheka mpaka akakohoa.

"Abti, mimi nimekwambia mwagia maji tangu wiki ile ya kwanza," akasema. "Kila siku. Mwagia maji, mwagia maji. Wakati wa taar tulikuwa tunamwaga pale hata chai iliyobaki. Nakuachia."

Kumbe ile "mwa... abti... wiki..." ndiyo ilikuwa dawa, nami nilikaa kikao na bingwa kuhusu madoa ya jua. Hooyo alicheka mpaka machozi. Ilikuwa muda mrefu sijamsikia akicheka hivyo, na furaha ilimlegeza ulimi. Akanisukuma kidole nibonyeze.

"Huyu binti yako msomi," akamwambia kaka yake. "Ameona chuma kimeumwa na kiu. Mguu wa mama yake hajauona."

Akacheka peke yake. Kule Daua hakuna aliyecheka. Mbuzi mmoja alilia, akanyamaza.

"Mguu gani, abaayo?" abti akasema, kwa neno letu la kumwita dada. "Nakuachia."

Hooyo alinitazama. Nimefundisha wasichana wengi, naijua sura ya mtu aliyeshikwa.

"Mwambie hasikiki," akaninong'oneza.

Nikakitazama kitufe.

"Mwambie mawimbi yameharibika. Wewe ndiye mwalimu, tafuta neno."

"Abaayo," ilisema redio, wazi kama mtu aliyekaa nasi kwenye mkeka. "Nimekuuliza. Mguu gani?"

Nikabonyeza kitufe. "Abti, tunakupata tano na tisa," nikasema. "Ni wa kushoto. Anauficha kwenye soksi. Nakuachia."

Hooyo alinipa ile dharau ambayo mimi nimeirithi kwake, nzima, bila kupunguza. Abti alikuwa ameanza kuita jina lake la utotoni, ambalo sijawahi kumsikia mtu mwingine akilitumia, na kumwambia auonyeshe mguu huo sasa hivi, yeye anangoja hapo hapo hewani. Hooyo akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akainama, polepole, akaanza kuvua soksi.